HILUX KUBADILISHIWA INJINI: NANI ANAKULA KWA UVUMI HUU?



Kuna maneno yamezagaa huku kwetu Kyela, kuanzia stendi hadi Ipinda na Matema, na kule mpakani Kasumulu ndiyo usiseme. Eti Toyota ameacha kutengeneza injini zake za dizeli, Hilux za siku hizi zinafungwa injini za kununua. Mmoja anasema za Mchina, mwingine za Mhindi, na kijiwe kimoja nilimsikia mtu mzima anaapa kuwa ni za BMW. Ukimuuliza umejuaje, jibu ni lile lile: "Kuna jamaa yangu yuko Dar kaniambia." Basi, habari imekamilika hiyo!

Hebu tuanze na tunayoyajua.

Injini za dizeli za Hilux ya sasa, yaani 1GD ya lita 2.8 na 2GD ya lita 2.4 zilizoingia mwaka 2015, ni za Toyota Jidoshokki, wale ambao Wazungu wanawaita Toyota Industries. Hao hao ndio wa 1HZ, ile injini ya lita 4.2 ya Land Cruiser ambayo mafundi wetu wanaiheshimu kama mzee wa ukoo. Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana utamu. Jidoshokki siyo mgeni aliyekaribishwa juzi. Ilianzishwa na Sakichi Toyoda mwaka 1926 kutengeneza mashine za kufumia nguo, na kampuni ya magari ya Toyota ilitoka ndani yake mwaka 1937. Kwa hiyo hata anayesema "Toyota ananunua injini nje" anazungumzia mtoto anayekula kwa mama yake.

Uvumi wenyewe umetoka wapi? Haukudondoka kutoka mbinguni. Tarehe 29 Januari 2024 Toyota ilisimamisha kusafirisha aina 10 za magari, Hilux, Fortuner, HiAce na Land Cruiser 300 zikiwemo. Sababu ni kwamba Jidoshokki walikutwa wamecheza na vipimo vya injini tatu za dizeli. Walipopima nguvu za farasi kwa ajili ya kibali, walitumia kompyuta ya injini yenye programu tofauti na ya magari yanayouzwa, ili namba zitoke zimenyooka, zisipande na kushuka. Ni udanganyifu, na wameubeba wenyewe. Lakini Toyota ilisema injini zilipopimwa upya zilifikia kiwango kilichotajwa na wenye magari hawakuwa na haja ya kuyaegesha. Mwezi Machi 2024 kazi ikaanza tena. Injini zikabaki zile zile! Hata Hilux mpya iliyooneshwa Novemba 2025 imekuja na dizeli ya lita 2.8.

Habari hiyo ilipofika Mbeya ilikuwa "injini za Hilux zina matatizo". Ikapanda Tukuyu, ikashuka Kyela, ikawa "injini za Hilux zimebadilishwa". Na ile ya BMW nayo ina mzizi wake. Desemba 2011 Toyota na BMW walikubaliana BMW iiuzie Toyota injini ndogo za dizeli, za lita 1.6 na 2.0, kwa magari ya soko la Ulaya kuanzia 2014. Pikapu haikuguswa. Ndugu yangu unayebeba mpunga kutoka Ngonga, hilo lilikuhusu nini?

Na wanaobadilisha kweli hawafichi. Nissan Navara ya 2014 na kuendelea ilipata injini ya lita 2.3 yenye asili ya Renault. Mazda BT-50 ilihama kwa Ford ikaenda kwa Isuzu mwaka 2020, injini na kila kitu. Foton Tunland ya Mchina ilitangazwa kwa fahari kuwa ina Cummins. Kule Marekani Dodge walianza kufunga Cummins kwenye pikapu zao kubwa mwaka 1989 na wakalibandika jina hilo ubavuni kama medali. Kubadilisha mtengenezaji wa injini ni jambo la mkataba, la spea, la mafunzo ya mafundi dunia nzima. Halifanyiki gizani kisha likagunduliwa na dalali wa Kyela mjini.

Kibao cha "Thailand" nacho kimewatia watu kiwewe bure. Hilux zinatengenezwa Thailand kwa wingi, na injini zake zinaundwa huko huko katika viwanda vya Toyota, tangu ule mradi wa 2004 ulioleta Vigo. Hata Wajapani wenyewe tangu 2017 wananunua Hilux ya kutoka Thailand. Sisi ni nani tuikatae?

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Huku kwetu fedha ilionekana. Kuna wakulima ambao kwa mara ya kwanza walifikiria pikapu badala ya pikipiki. Na hapo ndipo uvumi ukapata kazi. Dalali ana Hilux ya zamani, 2L au 3L, chasisi imeliwa na kutu, injini imeshushwa mara mbili, moshi mweusi kama tanuri la matofali. Ataiuzaje? Anamwambia mkulima: "Hizi mpya injini feki mzee, hii ndiyo Toyota yenyewe, haitatengenezwa tena." Bei inapanda kwa milioni kadhaa. Anayelipa tofauti hiyo ni mtu aliyevuna kakao kwa mikono yake, au aliyekopa SACCOS kwa kuweka shamba rehani. Na bei ya kakao ilishashuka mwaka 2025, deni halikushuka nayo.

Sisemi injini za zamani ni mbaya. Hapana. 5L ni injini ya kuzikana. Lakini tulipe bei ya gari, tusilipe bei ya hadithi.

Mafundi wataniambia: "Kijana, wewe unaandika tu, sisi tunaziona hizi mpya zinakufa." Ni kweli zinakufa, na hoja yao naiheshimu. Ila zinakufa kwa nini? Nozeli ya 2L inafunguka kwa presha ya baa mia na ushee. Ya 1GD inafanya kazi kwa presha inayopita baa 2,000. Matundu yake ni membamba kiasi kwamba tone la maji au vumbi ambalo 2L ingelimeza ikakohoa na kuendelea, hapa linaua injekta. Na sisi tunaishi wapi? Kyela! Mvua ya masika inashuka mpaka Mbaka na Kiwira zinaingia mashambani. Na wangapi wananunua dizeli kwenye madumu? Kila Malawi inapokaukiwa mafuta, kama ilivyokuwa 2022 na tena 2024 na 2025, mtu wa Kasumulu anajua biashara ya madumu inavyochangamka. Dumu lililobeba maji ya mto jana, leo lina dizeli.

Na uchakachuaji je? Mnakumbuka EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu ya kisasa inalainishwa na dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli yenye salfa isiyozidi 50 kwa milioni. Kwa hiyo kwenye pampu halali mafuta yetu yameboreka. Kwenye dumu hakuna kiwango chochote.

Hilo ndilo tatizo la injini mpya huku ziwani, na halina uhusiano na Mchina wala BMW. Lakini kumwambia mteja "badilisha filta mapema, mwaga maji kwenye chujio, acha madumu" hakuna ulaji. Kumwambia "injini zimebadilishwa" kuna ulaji.

Wenzangu wa redio za mkoani na mitandaoni nanyi siwaachi. Kusoma hewani ujumbe wa WhatsApp kisha kuuliza "wasikilizaji mnasemaje?" siyo uandishi wa habari, ni kumpa dalali tangazo la bure.

Kwa anayenunua wiki hii: injini ina alama yake imegongwa kwenye bloku. 2L, 5L, 2KD, 1GD, utaiona. Mwambie fundi wako, siyo fundi wa dalali, afute matope aisome, ailinganishe na kadi ya gari. Na yule anayesema ana Hilux mpya yenye injini ya Mchina, afungue boneti mchana kweupe pale stendi. Mimi nitakuja na tochi na kamera.

Nawasilisha.