Neno lililoachwa nje ya bendera

KIBARAZANI na Saumu Kilindo

Kitindamimba wangu ana jezi ya Brazili, ya njano, namba kumi mgongoni, imefuliwa mpaka kola imelegea. Juzi alikuwa anachora bendera ya timu yake kwa kalamu za rangi, akakwama kwenye ule utepe mweupe unaokatiza duara la buluu. "Mama, hapa wameandika nini?" Nikamwambia: Ordem e Progresso, yaani Utaratibu na Maendeleo. Akaguna. "Kama tangazo la halmashauri."

Sikuweza kumbishia. Ila maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe hakuwa Mbrazili wala hakuwahi kukanyaga huko.

Auguste Comte alizaliwa Montpellier, Ufaransa, mwaka 1798. Ndiye aliyelieneza duniani neno sosholojia. Aliamini jamii inaweza kuchunguzwa kama wanaastronomia wanavyochunguza nyota: zitafutwe kanuni zake, kisha wenye ujuzi wazitumie kuiongoza. Kila unapomsikia kiongozi akifunga mjadala kwa kusema "wataalamu wameshafanya utafiti", ujue mzee huyo yupo chumbani.

Mwenyewe maisha yalimpiga. Uprofesa aliusaka asiupate. Mwaka 1827, akili ikiwa imemruka, alijitupa katika mto Seine akaopolewa. Mwaka 1844 akampenda Clotilde de Vaux, mwanamke aliyetelekezwa na mumewe; miaka miwili haikutimia Clotilde akafa. Hapo yule bwana wa kanuni na ushahidi akaanzisha dini, Dini ya Ubinadamu, isiyo na Mungu lakini yenye sala, watakatifu na kalenda yake ya miezi 13, kila mmoja siku 28. Mwezi mmoja uliitwa Shakespeare, mwingine Gutenberg. Wafuasi wake wengine walichoka wakaondoka. Mimi hapo ndipo ninapomwelewa zaidi, maana msiba ulimfundisha kwamba kanuni pekee hazimshiki mtu. Akasema jamii isimame juu ya mambo matatu: upendo uwe chimbuko, utaratibu uwe msingi, maendeleo yawe lengo.

Upendo ulitangulia. Shika hapo.

Comte alikufa Paris mwaka 1857, lakini mawazo yake yakavuka Atlantiki. Katika chuo cha kijeshi cha Rio de Janeiro, Benjamin Constant, mwalimu wa hisabati, aliwalea maofisa vijana kwa mafundisho hayo. Novemba 15, 1889 jeshi likampindua mfalme. Siku nne baadaye jamhuri ilikuwa na bendera mpya, iliyobuniwa na wafuasi wa Comte, Raimundo Teixeira Mendes na Miguel Lemos. Utaratibu ukaandikwa. Maendeleo yakaandikwa. Upendo haukuandikwa.

Huenda ni nafasi tu, utepe wenyewe mwembamba. Lakini tazama yaliyofuata. Utumwa ulikuwa umefutwa mwaka mmoja tu nyuma, 1888, na walioachiwa huru wengi hawakujua kusoma. Katiba ya 1891 ikasema asiyejua kusoma na kuandika hapigi kura, na ikabidi wangoje mpaka 1985 kuipata haki hiyo. Mwaka 1897 jeshi likakiangamiza Canudos, kijiji cha mafukara wa Bahia waliokuwa wamemfuata mhubiri wao, maelfu wakafa. Hao nao walionekana kuwa vurugu inayozuia maendeleo. Sisi tunaoishi kwenye miji ambako meza ya muuza nyanya hupinduliwa alfajiri kwa jina la kupendezesha barabara, sauti hiyo tunaifahamu.

Simwoshi Comte. Demokrasia hakuwa na imani nayo. Alitaka wenye mabenki watawale na wanasayansi wawe makasisi. Mtu wa namna hiyo akikuahidi upendo, una haki ya kushika mfuko wako.

Halafu namkumbuka ofisa wa jeshi Cândido Rondon, nanyamaza kidogo. Alisoma chuo kilekile cha Rio, akawa muumini wa Dini ya Ubinadamu mpaka kufa. Alipotumwa kupitisha nyaya za simu za maandishi katika misitu ya Mato Grosso kuelekea Amazon, aliwapa askari wake amri moja kuhusu wenyeji wa misitu hiyo: kufa ikibidi, kuua kamwe. Wakati fulani mishale ilirushwa, na amri haikubadilika. Mwaka 1910 aliwekwa kuongoza idara mpya ya kuwalinda wenyeji. Idara hiyo baadaye ilichafuka vibaya, lakini amri ile ilitolewa na watu waliitii. Darasa lile lilimtoa pia mtu aliyelibeba neno la kwanza bila kungoja liandikwe.

Mwaka 2003 mbunge mmoja alipeleka muswada wa kuliongeza neno Upendo kwenye bendera. Bendera haijabadilika. Sentensi nzima ipo Rio, mbele ya hekalu la Dini ya Ubinadamu mtaa wa Glória, na watu wengi hupita bila kuisoma.

Nilimweleza mwanangu yote haya, akasikiliza nusu. Utepe aliuacha mweupe, akahamia kwenye nyota. Zipo 27. Alichora sita, akasema zinatosha.