Pupe ya Bei na Falanga ya Likelemba



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mambo ya kazi za masomo ambazo watoto wanafanya nyumbani. Tunaomba mtuvumilie, tuyaweke kando kwanza. Kuna jambo limetokea darasani kwetu, na mama aliyeguswa nalo ametukubalia tulieleze hapa, lakini bila jina lake.

Jumatatu moja, kabla kengele haijalia, mama huyo wa Katuba aliingia darasani akimshika mkono kijana wake wa mwaka wa sita. Mkono wa pili ulikuwa na sashe nyeusi. Aliimwaga juu ya meza yetu, zikatoka pupe tatu zenye manyoya, masikio ya sungura na meno mengi. Akatuuliza: "Mwalimu, falanga ya bamama njo iko mu hii kintu?"

Mama huyo ndiye anayetunza feza ya likelemba yao. Jumamosi bamama watatu walikuwa wamemletea dolari 10 kila mmoja, na Jumatano feza yote ilipaswa kwenda kwa mama mwingine, alipe minervali ya binti yake wa sekondari. Zile dolari 30 zilikuwa kabatini, chini ya vitenge. Kijana alizitoa Jumapili, akaenda mjini, akanunua pupe tatu kwa muuzaji wa barabarani. Hesabu yake ilikuwa wazi kabisa: kila moja aiuze dolari 20 masomoni, arudishe 30 kabatini, abaki na 30 zake. "Nilijua nitarudisha mbele ya mama kuona," alituambia, macho chini.

Bamama, kabla hatujamlaumu, tuseme na kosa letu. Majuma mengi tulikuwa tunawasikia wavulana wakitajiana bei saa ya mapumziko: hii ilinunuliwa ngapi, kesho itauzwa ngapi. Tulifurahi. Tulisema, sasa hesabu inawaingia! Na sisi wenyewe tulimnunulia binti yetu pupe moja kwa dolari 12, tukijisemea kwamba akiichoka tutaiuza kwa bei ya juu. Kwa hiyo somo tunaloandika hapa lilituanza sisi.

Kwanza, hii pupe ni nini? Jina lake ni Labubu. Aliyeichora ni Kasing Lung, mtu aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi. Mwaka 2015 alitunga hadithi za watoto zenye viumbe vya ajabu, na Labubu ni mmoja wao, mtundu mwenye meno tisa. Tangu mwaka 2019 pupe hizo zinauzwa na kampuni ya China inayoitwa Pop Mart, iliyoanzishwa na Wang Ning huko Beijing mwaka 2010. Mwaka 2024 Lisa, mwimbaji wa Thailand katika kundi la Blackpink, alionekana na pupe hiyo imening'inia kwenye mkoba wake. Hapo dunia nzima ikaitaka.

Lakini uzuri wa pupe si sababu yote ya bei kupanda. Sababu kubwa ni namna inavyouzwa. Inafungwa ndani ya boksi ambalo halionyeshi kilichomo. Unalipa kwanza, kisha unafungua ndipo ujue umepata rangi gani. Mara nyingi kuna pupe sita za kawaida, na ya saba ni ya siri, ambayo inapatikana katika boksi moja kati ya 72. Tena kampuni ilikuwa inatoa chache kwa wakati mmoja. Waliokosa walinunua kwa wale waliowahi, na waliowahi walipandisha bei. Watu wengine hawakununua kabisa kwa kupenda pupe. Walinunua ili wauze tena. Mwezi wa tano 2025, kule Uingereza, kampuni yenyewe ilisimamisha kwa muda kuuza Labubu madukani kwa sababu wanunuzi walikuwa wanapigana. Mwezi wa sita, mjini Beijing, pupe moja yenye urefu wa sentimeta 131 iliuzwa kwa mnada kwa yuan milioni 1 na elfu 80, karibu dolari 150,000. Picha ya mnada ule ndiyo ilifika kwenye telefone za wavulana wakubwa wa mtaa wetu, na kutoka kwao ikafika kwenye masikio ya kijana wa mwaka wa sita.

Siku ile hatukumpiga kijana wala hatukumsimamisha mbele ya wenzake. Tulingoja Jumanne, tukaandika hesabu ubaoni kwa darasa zima. Boksi moja kule Marekani mwaka 2025 iliuzwa karibu dolari 28. Pupe ya siri ni moja kati ya boksi 72. Ukinunua boksi 72, utalipa ngapi? Wakazidisha: dolari 2,016. Tukawauliza: je, sasa una hakika ya kuipata? Wengi walijibu ndiyo. Tukaweka vifuniko vya chupa ndani ya mfuko, kimoja chekundu na vingine vyeupe, tukamwambia kila mmoja achomoe, atazame, arudishe ndani, achomoe tena. Wapo waliochomoa mara nyingi sana bila kuona chekundu. Ndipo kijana wetu akainua mkono. Akauliza: "Mwalimu, na ule mwenye kutengeneza boksi, yeye anapotezaka?"

Darasa lilinyamaza. Hapana, mwanangu, yeye hapotezi. Pupe ya siri itoke ao isitoke, yeye ameshalipwa boksi zote.

Swali hilo lilitufanya tufikirie kitu ambacho watoto wetu wanakijua. Wale waliowahi kupelekwa kwenye makumbusho ya taifa hapa Lubumbashi wameiona misalaba ya shaba. Wazee wa nchi hii waliyeyusha shaba, wakaimimina kwa umbo la msalaba, ikawa feza yao: walinunua nayo vitu, walilipa nayo mahari. Misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, na mwaka 1961 zilitolewa sarafu za franka 1 na franka 5 zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande mwingine. Leo watu wanaokusanya vitu vya zamani wanaitafuta misalaba ile na sarafu zile. Kwa nini? Kwa sababu waliozitengeneza hawapo tena. Hakuna anayeweza kuamka kesho na kutoa misalaba ya miaka mia tatu iliyopita.

Uhaba wa pupe ni wa namna nyingine. Yeye aliyeifanya iwe chache yupo, ana viwanda, na siku akitaka ataifanya iwe nyingi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa sita 2025 Pop Mart ilitoa Labubu nyingi kwa mara moja, na bei ya wale wanaouza tena ikaanguka. Mwaka huohuo kampuni ilisema kwamba sasa inatengeneza pupe za manyoya karibu milioni 30 kila mwezi. Bamama, milioni 30 kwa mwezi! Kitu cha namna hiyo tutakiitaje adimu?

Na hapo tunazungumza juu ya zile za kweli. Zile zilizomwagwa juu ya meza yetu zilikuwa za kuiga. Tulihesabu meno: moja ilikuwa na kumi, nyingine na manane. Viwanda vinavyoiga havina haja ya kungoja ruhusa ya mtu, na bidhaa zao zinatufikia kama bidhaa nyingine zote, zinapita bandarini, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Alhamisi ya juma lile lile muuzaji mwingine alishusha katoni nzima karibu na masomo. Kila pupe falanga elfu kumi. Wateja wote ambao kijana aliwahesabu walikimbilia huko.

Haikuanza na Labubu. Marekani, kuanzia mwaka 1993, kampuni ya Ty iliuza wanyama wadogo wa kitambaa walioitwa Beanie Babies. Ilikuwa inatangaza kwamba mnyama fulani hatatengenezwa tena, na watu wazima wakawa wanajaza nyumba kwa wanyama hao, wakiamini watawalipia watoto masomo ya chuo kikuu. Mwaka 1999, mjini Las Vegas, mume na mke waliotalikiana walishindwa kugawana wanyama hao. Hakimu aliamuru wawalete, wakachuchumaa kwenye sakafu ya mahakama wakichaguliana mmoja mmoja. Miaka michache baadaye wengi wa wanyama wale hawakuwa na bei yoyote ya maana. Kwa hiyo tusiseme ni ujinga wa mtoto wa Katuba. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na pupa haiangalii umri wala nchi.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo mama anapaswa kuyajua. Kule China kwenyewe, tangu mwaka 2023, serikali imesema boksi hizi za kufichwa zisiuzwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, na aliye juu ya hapo ni lazima mzazi akubali. Wenye kuzitengeneza wameona hatari yake kwa akili ya mtoto. Sisi tunampa mtoto falanga aende peke yake. La pili: mwezi wa nane 2025 serikali ya Marekani iliwaonya wazazi juu ya Labubu za kuiga, kwamba zinaweza kumkaba mtoto mdogo kooni. Mama mwenye mtoto anayetambaa, vuta macho na miguu ya ile pupe kwa nguvu zako. Kikitoka kipande, itoe nyumbani leo.

Sasa mtauliza, likelemba iliishaje? Yule mama hakuficha. Angeweza kukopa kimya, hakuna ambaye angejua. Lakini Jumatatu ile ile jioni aliwaita wenzake, akawaambia yote, mtoto akiwa amekaa karibu yake. Mama mmoja alikasirika, akasema hatarudi tena, na mpaka tunaandika hajarudi. Wengine walikubaliana: feza iliyobaki itoke Jumatano kama kawaida, na yeye alipe zile 30 kwa majuma matatu kutoka biashara yake ya unga. Pupe mbili ziliuzwa dolari 3 kila moja. Ya tatu haikupata mtu. Toa 6 kwenye 30, zinabaki 24, na hizo ni mifuko mingi ya unga. Kila Jumamosi kijana anabeba unga pamoja na mama yake mpaka soko la Kenya. Hakuna aliyemlazimisha; aliomba mwenyewe. Binti wa yule mama mwingine alikaa nyumbani siku nne, kisha minervali ikatimia, akarudi masomoni.

Siku nne za masomo za mtoto mwingine. Hilo ndilo tulilomwambia kijana wetu alikumbuke kuliko dolari. Falanga ya likelemba si falanga iliyolala. Kila noti pale kabatini ina jina la mtu na kazi inayoingoja.

Hatusemi watoto wasicheze wala wasifanye biashara. Watoto wa mitaa yetu wanakunja waya na kutengeneza motokari zenye usukani, na wengine wanaziuza. Yule anayenunua anataka kuisukuma barabarani, si kungoja bei ipande. Mtoto akikuambia kwamba kitu fulani kitapanda bei, usimcheke na usimfokee. Kaa naye, umuulize: nani anaweza kutengeneza vingine kama hiki? Kisha: utamuuzia nani? Mtaje kwa jina. Akishindwa kutaja jina, ameshajijibu.

Na sisi tujiulize vilevile. Siku hizi wanakuja watu kwenye vikundi vyetu na vitu vya kila namna: leteni dolari 50, mwezi ujao mtachukua 100. Maswali ni yale yale.

Jumamosi tukikutana, tunaomba kila kikundi kizungumze kidogo juu ya mahali inapotunzwa feza ya likelemba. Kabati lenye vitenge watoto wote wanalijua. Sanduku lenye funguo mbili, kila moja kwa mama wake, si bei kubwa.

Pupe ya binti yetu bado iko nyumbani. Tumemwambia ukweli kwamba haitauzwa, ni ya kuchezea tu. Ameishonea kitenge, sasa anaibeba mgongoni.

Mbaki na amani. Juma lijalo tutarudi kwenye kazi za masomo, kama tulivyoahidi.