Aleji baada ya mvua: Bunda inapewa utabiri wa hali ya hewa, chavua nani anahesabu?

Kabla vuli haijaanza, mkulima wa Mugeta huwa ameshasikia kama mvua zitatosha au zitasuasua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatangaza, redio zinarudia, meseji zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwenye pumu katika kata hiyohiyo ya Wilaya ya Bunda hana taarifa ya aina hiyo. Nyasi zikichanua, kifua chake ndicho kinachomwambia.

Anachovuta ni chavua, yaani ule unga wa maua unaobebwa na upepo. Kwa wengi hauna shida. Kwa mwenye aleji, mwili unaupokea kama adui: chafya mfululizo, macho kuwasha, kamasi nyepesi, na kwa mwenye pumu, kifua kubana na kupumua kwa kukoroma.

Ua zuri siyo lazima liwe na hatia

Watu wengi hulaumu maua yanayoonekana. Ila maua ya rangi kali mara nyingi hutegemea nyuki na wadudu wengine, na chavua yake ni nzito na ya kunata. Ya pamba iko hivyo. Ya mahindi hubebwa na upepo, lakini chembe zake ni kubwa na nyingi huanguka karibu na shamba.

Wa kuangaliwa zaidi ni mmea usioonekana kabisa kuwa na maua: nyasi. Hutoa chavua nyingi, nyepesi, inayosafiri mbali. Na Bunda, wilaya iliyobanwa kati ya Ziwa Victoria na Serengeti, nyasi hazijawahi kuwa haba.

Msimu wa huku hufuata mvua

Ulaya, msimu wa aleji huja baridi ikiisha. Kanda ya Ziwa mambo ni tofauti. Kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Nyasi huota mvua ikinyesha na kuchanua wiki chache baadaye. Kwa hiyo kifua kinaweza kusumbua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na tarehe hubadilika kadiri mvua inavyowahi au kuchelewa.

Baadaye kinakuja kiangazi chenye mambo yake: vumbi la barabara, moshi wa nyasi zinazochomwa na wa masalia ya pamba. Ukiwa upande wa ziwa, ongeza mawingu ya wadudu wadogo wanaoibuka majini. Vyote hivyo vinaweza kumsumbua mwenye pumu, na ndani ya nyumba nyingi kuna moshi wa kuni mwaka mzima.

Hapo ndipo kutokuwa na vipimo kunapouma. Bila namba, chavua, vumbi na moshi vyote vinaitwa jina moja: mafua ya msimu.

Chavua inahesabiwaje?

Siyo teknolojia ya jana. Mwaka 1873, daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, ambaye mwenyewe alikuwa na aleji hiyo, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba chavua ya nyasi ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Alinasa chembe kwenye vioo vya kunata na kuzihesabu.

Mwaka 1952, Jim Hirst, naye wa Uingereza, alitengeneza mtego unaovuta hewa lita 10 kwa dakika, karibu sawa na pumzi ya binadamu. Chembe hunasa kwenye utepe wa kunata, kisha mtu huzihesabu kwa hadubini. Hadi leo vituo vingi duniani vinatumia mtindo huo. Nchini Uingereza, chembe 50 za nyasi kwa mita moja ya ujazo ya hewa zinatosha kutangaza kwamba kiwango kiko juu.

Yaani kinachohitajika ni mtego, hadubini na mtu aliyefundishwa. Ukikuta namba ya chavua kwenye programu ya simu, jiulize kwanza: kituo kilichopima kiko wapi? Bila kituo cha karibu, namba hiyo ni makadirio ya kompyuta tu.

Gugu karoti liko njiani

Kuna sababu ya kutosubiri. Mwaka 2010 gugu karoti liliripotiwa Arusha. Majani yake yanafanana na ya karoti, maua ni madogo meupe, na mmea mmoja unaweza kutoa maelfu ya mbegu. Limeshaonekana pia Masai Mara, upande wa Kenya, hifadhi inayopakana na Serengeti. Mbegu husafiri na matope ya magari, mifugo, maji ya mto na mchanga wa ujenzi.

India inalijua vizuri. Liliingia huko miaka ya 1950 na sasa linahusishwa na mafua ya aleji, pumu na vipele vikali vya ngozi. Ndiyo maana halipaswi kung'olewa kwa mikono mitupu. Likiota Bunda, litakuwa tatizo la malisho na la kifua kwa wakati mmoja.

Gharama iko zahanati

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na 455,000 walikufa kwayo. Vifo vingi viko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako pumu mara nyingi haitambuliwi au haitibiwi ipasavyo.

Kijijini inaonekana hivi: mtoto anakohoa kila baada ya mvua, anapewa antibaotiki, anapona nyasi zikikauka, familia inaamini dawa imefanya kazi. Msimu ujao wanarudi. Antibaotiki haitibu aleji. Hata inhela ya salbutamol peke yake haitoshi: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hauwashauri watu wazima na vijana kuitumia bila dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa njia ya hewa.

Cha kufanya kabla mtego haujafika

Hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Zahanati zinaandika wagonjwa kwenye rejista. Tarehe za wanaokuja na kifua kubana zikilinganishwa na tarehe za mvua za TMA kwa misimu michache, picha itaanza kuonekana.

Kwa familia:

- Andika kwenye simu siku kifua kinaposumbua, na nini kilikuwepo: nyasi zimechanua, vumbi au moshi.
- Mpelekee daktari rekodi hiyo. Itamsaidia kutofautisha aleji na maambukizi.
- Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apelekwe kituo cha afya mara moja.
- Ukiona mmea unaofanana na gugu karoti, piga picha, mwonyeshe ofisa kilimo wa kata.

Mkulima hapandi kwa kubahatisha siku hizi, anasubiri utabiri. Mwenye pumu wa Mugeta bado anabahatisha, na masika hayamsubiri.