Bahari ya Mangapwani Ichunguzwe Kabla ya Meli

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imepachagua Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, pawe mahali pa bandari kubwa mpya ya Unguja. Sisi twaiunga mkono kazi hiyo. Bandari ya Malindi imeelemewa, na kila mfanyakazi aliyewahi kungojea shehena pale aijua hasara ya meli kukaa nangani siku nyingi. Lakini tunalo neno moja ambalo halina budi kusemwa sasa, kabla magati hayajajaa meli: bahari ya Mangapwani ichunguzwe, na viumbe vilivyomo, hata vile visivyoonekana kwa macho matupu, viandikwe na kuhifadhiwa.

Meli haiji na shehena yake tu. Majahazi ya wazee wetu yalitia farumi ya mawe au mchanga ili yasipinduke. Meli za leo hutia farumi ya maji. Maji hayo huvutwa katika bandari moja na kumwagwa katika nyingine, na ndani yake husafiri mayai ya samaki, watoto wa kaa na wa chaza, pamoja na vimelea vyao. Vingine hung'ang'ania chini ya meli. Mataifa yaliiona hatari hiyo, yakaafikiana mwaka 2004 juu ya mkataba wa kuyasafisha maji ya farumi, nao ukaanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Mkataba ni jambo jema, bali mkataba hauna macho. Macho ni ya mtaalamu anayeijua bahari yake.

Kimelea ni kiumbe kiishicho juu ya kiumbe kingine au ndani yake, na kupata chakula humo. Si kila kimelea ni adui. Pweza wengi wakaao chini ya bahari wana viumbe vidogo mno katika mafigo yao, na hutembea na kuwinda kama kawaida. Vingine vina safari ndefu. Minyoo iitwayo anisakis huanza katika viumbe wadogo wa jamii ya kamba, hupita katika samaki, na hukomea katika matumbo ya nyangumi na pomboo. Ikimwingia mtu kwa kula samaki mbichi humtia maumivu makali ya tumbo. Moto wa jiko huiua. Basi atakaye kukijua kimelea kimoja hana budi kuwajua wanyama wote kinaowapitia, maji wanamoishi na majira yao. Tena hana budi kuvijua vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo katika kila kiumbe, kwani viumbe wawili waweza kufanana kwa sura na wakawa mbalimbali kabisa.

Wako watakaosema kuwa elimu hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Twawajibu kwa mfano wa Unguja yenyewe. Kichocho si ugonjwa wa bahari. Konokono wake hukaa katika mito na mabwawa ya maji matamu. Lakini kimelea chake kilishindwa kwa elimu ile ile tunayoidai. Katika miaka ya 1980, takriban nusu ya watoto wa skuli kisiwani Pemba walikuwa nacho, na Unguja kaskazini kukojoa damu kulikuwa jambo la kila siku. Hata hivyo vijiji vya kusini ya Unguja vilisalimika, ingawa navyo vilikuwa na madimbwi na konokono walioonekana kuwa wale wale.

Ndipo walipoingia wataalamu. David Rollinson wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya London, na mwenziwe Russell Stothard, wakishirikiana na watu wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, waliwakusanya konokono wa visiwa hivi katika miaka ya 1990 na kuvisoma vinasaba vyao. Ikadhihirika kwamba konokono wale ni wa aina mbili. Wa kaskazini na kati, Bulinus globosus, hukipokea kimelea cha kichocho na kukilea. Wa kusini, Bulinus nasutus, hapa Unguja hakipokei. Ramani ya ugonjwa ikalingana na ramani ya konokono. Tangu hapo ilijulikana wapi pa kuua konokono na wapi kufanya hivyo ni kupoteza dawa na nguvu za watu.

Elimu hiyo haikukaa makabatini. Maabara ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Pemba mwaka 2000, na watu wa visiwani wakafanya kazi hiyo kwa mikono yao. Kuanzia mwaka 2012, dawa ya prazikwanteli iligawiwa mara mbili kwa mwaka visiwa vyote viwili. Mahali pengine konokono waliuliwa, na pengine watu walifundishwa kuacha mazoea ya kuoga na kukojoa mtoni. Kichocho hakijakwisha, lakini kimepungua mno. Mtoto wa Chaani au Kinyasini wa leo hakui na ugonjwa kama alivyokua baba yake. Na ifahamike kuwa Rollinson alitumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kwa vimelea hivyo na konokono wao. Elimu ya namna hii haipatikani kwa mradi wa miaka mitatu, ambao fedha zikikauka kijana aliyefundishwa huenda kutafuta kazi hotelini.

Sasa na tuitazame bahari, ambako mfano mwingine watuonya. Mwaka 1957, katika ghuba ya Delaware huko Marekani, chaza walianza kufa kwa wingi, na mwaka 1959 vifo vikafika ghuba ya Chesapeake. Wavuvi waliokuwa wakiishi kwa chaza walipoteza riziki yao. Kimelea kilionekana kwa darubini, lakini asili yake haikujulikana. Mwaka 2000 tu, miaka 43 baadaye, Eugene Burreson na wenzake wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Virginia walithibitisha kwa vinasaba kwamba ni kimelea kile kile cha chaza wa bahari ya Pasifiki, nacho kimetoka Asia. Kilikuja kwa meli, au kwa chaza waliosafirishwa? Jambo hilo halikuthibitishwa. Nchi yenye vyuo na fedha kama Marekani ilikawia hivyo. Je, sisi tutakawia kiasi gani, endapo chaza na kombe wa pwani yetu watakufa, na hatuna hata orodha ya vilivyokuwamo jana?

Tusisahau ni nani atakayelipa gharama hiyo. Si mwenye meli. Ni mwanamke anayekwenda pwani maji yakitoka, akarudi na chaza na pweza wa kulisha watoto. Ni mvuvi wa Mangapwani na wa Bumbwini, ambaye hana duka wala mshahara wa kumshika mkono bahari ikimnyima.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo Unguja tangu mwaka 1978, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zipewe kazi ya kukusanya samaki, chaza, kombe na pweza wa Mangapwani, Bumbwini na Malindi, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na kuhifadhi vinasaba vyao na vya vimelea vyao. Pili, gharama ya kazi hiyo iwe sehemu ya gharama ya bandari, kama zilivyo saruji na nondo. Tatu, vijana wa vijiji hivyo wasomeshwe na kuajiriwa kwa kudumu, wawe wataalamu kamili. Wasifanywe wachukuzi wa ndoo za wageni. Nne, wafanyakazi wa bandari wafundishwe kukagua maji ya farumi, na matokeo ya uchunguzi yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya wanakijiji.

Ufukwe wa Mangapwani umekwisha kujua mizigo ipitishwayo kwa siri. Baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873, binadamu walifichwa humo katika shimo lililochongwa mwambani. Mzigo wa siri wa leo hauna minyororo, wala haumo katika hati za nahodha. Wazee walinena: mdharau mwiba, mguu huota tende. Bandari na ijengwe, na ijengwe upesi. Lakini siku meli ya kwanza itakapofungua farumi yake Mangapwani, awepo kijana wa Kizanzibari mwenye darubini, ajuaye kipi chetu na kipi kigeni.