Wasusi wa Bariadi, "Itatoka Tu" Mpaka Lini?

KUNA maneno mawili yanayowaliza wadada wa Bariadi kila wikiendi ya harusi: "Itatoka tu."

Dada anaingia saluni, anafungua simu, anaonyesha picha ya msanii mmoja wa kike wa Bongo Fleva. Nywele nyeusi, michirizi ya rangi ya asali imepita vizuri kabisa. Msusi anaitupia jicho sekunde mbili huku anatafuna jojo. "Itatoka tu mpenzi, kaa hapo." Masaa manne baadaye kwenye kioo yuko mtu mwenye michirizi ya chungwa kama ganda la embe bivu, na kichwa kinawaka moto.

Kinachoudhi zaidi ni majibu. "Nywele zako ndo hazishiki rangi, dada." Yaani pesa kachukua yeye, kosa wamebebeshwa nywele!

Hapo ndipo ukweli usemwe. Nywele hazina kosa. Kosa ni la mtu aliyesema ndiyo wakati alitakiwa kusema hapana, au aseme "leo haiwezekani".

Iko hivi. Nywele nyeusi zina rangi yake ndani. Ili hailaiti ionekane, ile rangi ya asili lazima itolewe kwanza kwa blichi, na nywele haziruki kutoka nyeusi mpaka asali kwa mkupuo mmoja. Zinapita kwenye kahawia nyekundu, zinafika chungwa, ndipo zinaelekea njano. Zikifika panapotakiwa, zinapakwa rangi nyingine ya kutuliza ule uchungwa. Msusi anayeziosha zikiwa bado chungwa na kusema "tayari" kaacha kazi katikati. Na kwenye nywele nyeusi sana, safari hiyo inaweza kutaka kukaa kwenye kiti mara mbili au tatu, kwa siku tofauti. Hilo nani anamwambia mteja? Hakuna.

Badala yake wanaongeza ukali. Yale maji ya kuchanganyia poda ya blichi yana namba zake: 20 ina peroksaidi asilimia 6, 30 ina asilimia 9, 40 ina asilimia 12. Msusi mwenye haraka anakimbilia 40, halafu anamsukumia mteja chini ya draya "ikolee". Mteja akilalamika kinawasha, anaambiwa avumilie, urembo ni mateso. Kuwasha kidogo ni kitu kimoja. Ngozi ikianza kuungua, hakuna cha kuvumilia, dawa inaoshwa hapo hapo.

Halafu kuna hili la nywele za dawa. Wadada wengi mjini wana nywele zilizolainishwa kwa dawa, na dawa hiyo kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani ya nywele ili zinyooke. Blichi nayo inazidhoofisha. Kuziweka zote mbili siku moja ni kuziambia nywele kwaheri. Kuna bibi harusi mtarajiwa mmoja alifanyiwa hivyo hivyo Ijumaa, sendofu ikiwa Jumamosi. Asubuhi alipochana, nywele za utosini zikabaki kwenye kitana. Ukumbini aliingia na wigi la kuazima, na picha zote za siku ile anashika kichwa kama mtu aliyebeba ndoo. Msusi wake? Alikuwepo ukumbini, anakula pilau.

Msimu wa pamba ukifunguliwa na hela zikaanza kuingia mjini, harusi zinafuatana na saluni zinajaa. Ndo wakati mzuri wa kutengeneza pesa, hakuna anayekataa. Lakini ndo wakati vichwa vinaharibika zaidi, kwa sababu msusi mmoja ana wateja sita kwenye foleni na kila mmoja kaambiwa itatoka tu.

Wapo watakaosema wateja nao ni ving'ang'anizi. Ni kweli. Kuna dada anaficha kwamba mwezi uliopita alipaka rangi nyeusi ya pakiti nyumbani, na rangi mpya haiwezi kung'arisha rangi ya zamani, mpaka blichi iingie. Kuna mwingine picha aliyoleta ni wigi na filta juu yake. Lakini kati ya wawili hao fundi ni nani? Fundi gari hakufungi injini ya trekta kwenye Noah eti kwa sababu mteja kang'ang'ania. Mteja anajua anachotamani, msusi anatakiwa kujua kinachowezekana. Hicho ndicho anacholipwa.

Wengine wanajitetea: "Nikikataa, ataenda saluni ya jirani." Aende. Bariadi si Dar. Habari ya kichwa kilichoungua inafika Somanda kabla ya mwenye kichwa hajafika nyumbani. Akiharibiwa, harudi, na mashosti zake wote hawaji. Matokeo yake wenye uwezo wanapanda basi, wanapita Lamadi, wanapita Magu, wanaenda kutengenezwa Mwanza. Nauli hiyo na pesa hiyo vingebaki hapa hapa kwa msusi mmoja tu mwenye ujasiri wa kusema ukweli.

Na mteja naye afungue mdomo kabla ya kukaa. Amuulize msusi: "Kwa nywele zangu hizi, leo itafika rangi gani?" Akijibiwa "itatoka tu", anyanyue mkoba. Aseme historia yote ya kichwa chake: dawa aliweka lini, rangi alipaka lini, hata kama ni aibu. Aombe kipande kidogo cha nywele za kisogoni kijaribiwe kwanza. Kikikatika, kimekatika kipande, sio kichwa. Aangalie pakiti ya poda ina jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, kwa hiyo kile kimfuko cheupe kisicho na maandishi hakina sababu ya kugusa kichwa cha mtu.

Na yule aliyewahi kuchorwa piko mkononi pakavimba au kutoka malengelenge asikae kimya. Kemikali inayofanya piko iwe nyeusi imo pia kwenye rangi nyingi za nywele. Kwa mtu wa namna hiyo, msusi mwenye akili hamgusi na rangi hizo, hata aongezewe pesa. Wengine wote wapakwe kidogo nyuma ya sikio na kusubiri masaa 48 kabla ya siku yenyewe. Anayekuja Ijumaa kwa harusi ya Jumamosi kashachelewa.

Kwani lazima blichi? Rasta za rangi zipo. Msusi achanganye nyeusi na asali, asuke vizuri, michirizi itaonekana, na nywele zake dada zinabaki salama ndani. Wigi lenye hailaiti nalo lipo, na mastaa wengi rangi wanazobadilisha kila wiki zinatoka huko huko. Msusi anayeshauri hivyo anaweza kupata hela ndogo leo, ila kapata mteja wa miaka kumi.

Msusi anayesema "hapana dada yangu, hizi zitakatika" si mbaya wala hana roho ya kwa nini. Huyo ndiye fundi. Wa "itatoka tu" ni dalali wa vichwa vya watu.

Wadau, majina ya waliowachoma yaachwe. Nani hapa Simiyu ashawahi kukutana na msusi aliyekataa hela yake ili aokoe nywele zake? Huyo ndo atajwe hapo chini, wadada wajue pa kwenda.