Magoti ya Kyela: Kinga ni nafuu kuliko upasuaji

KATIKA mashamba ya mpunga na kakao wilayani Kyela, mkoani Mbeya, na katika vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Nyasa, maumivu ya magoti na nyonga mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya uzee. Mgonjwa huvumilia, hununua dawa za kutuliza maumivu dukani, na hufika hospitali akiwa tayari anachechemea.

Ugonjwa huo wa kusagika kwa viungo hutokea pale gegedu, tishu laini inayokinga ncha za mifupa, inapochakaa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani waliishi nao. Asilimia 60 kati yao walikuwa wanawake, na goti ndilo kiungo kilichoathirika zaidi.

Kwa Kyela, hatari hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni kazi. Kuchuchumaa kwa muda mrefu, kupiga magoti na kubeba mizigo mizito huongeza uwezekano wa goti kuharibika, na hizo ndizo kazi za kila siku za mkulima wa mpunga. Ya pili ni unene, ambao huwanyemelea zaidi wakazi wa mijini wanaoshinda wameketi na kupanda bodaboda hata kwa safari fupi.

Hata hivyo, uzito ni jambo linaloweza kubadilishwa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2005 ulionesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Utafiti mwingine wa Framingham, wa mwaka 1992, ulibaini kuwa wanawake waliopunguza kilo tano hivi katika miaka kumi walipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya nusu.

Dhana kwamba goti linalouma lipumzishwe moja kwa moja nayo ni potofu. Misuli ya paja ikidhoofu, goti hubaki bila mhimili. Kutembea, kuogelea na kuendesha baiskeli, chombo kinachofaa mno katika tambarare ya Kyela, huimarisha misuli bila kuliumiza goti. Mkulima naye anaweza kugawa mzigo mara mbili na kubadilisha mkao mara kwa mara.

Dawa za maumivu zinazotumiwa kiholela huweza kudhuru tumbo na figo, tena hazirudishi gegedu. Upasuaji wa kuweka goti bandia hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Kyela. Kwa familia inayotegemea jembe, safari hiyo pekee ni gharama kubwa, achilia mbali msimu mzima wa kilimo unaopotea.

Ndiyo maana elimu ya kinga inapaswa kuanzia zahanati za vijijini, kabla goti halijaanza kuuma.