Wafuasi wa Kununuliwa

Mama mmoja wa Mtinko, katika mkoa wa Singida, ametuletea barua akiuliza jambo ambalo twaamini si la nyumba yake peke yake. Mwanawe amemaliza masomo, kazi hakuipata, na sasa anauza mafuta ya alizeti yakamuliwayo huko huko kwao. Huyatangaza kwa simu, kwa zile jumbe fupi fupi zisomwazo na watu asiowajua, walioko Dodoma, Arusha na Dar es Salaam. Mama hana ugomvi na hilo. Lililomtia wasiwasi ni kwamba kijana ameomba shilingi 30,000 akanunue "wafuasi" elfu kadhaa, apate kuonekana kuwa ni mfanyi biashara mkubwa. Auliza: je, hii ni gharama ya biashara kama kununua madumu, au ni jambo jingine?

Kabla ya kujibu, tuseme machache juu ya jumbe zenyewe, kwani wako wazee wazionao kuwa ni mchezo mtupu. Mtandao ulioieneza desturi hii ni Twitter, ulioanza Marekani mwaka 2006, na ambao tangu Julai 2023 waitwa X. Hapo mwanzo ujumbe haukuruhusiwa kupita herufi 140, kwa sababu ulikusudiwa uweze kusafiri kwa SMS ya simu yo yote, ambayo mwisho wake ni herufi 160. Zile 20 zilizobaki zikaachiwa jina la mwandishi. Novemba 2017 kipimo kiliongezwa kikawa herufi 280. Basi si jambo lililobuniwa kwa ajili ya wenye simu za fahari. Katika Kenya, Bw. Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alijulikana ulimwenguni mwaka 2012 kwa kuwapasha habari raia zake kwa njia hii, na wengi wao walizipokea kwa simu ndogo tu. Kondoo akipotea, chifu aliandika. Wezi wakivamia nyumba usiku, chifu aliandika, na majirani wakatoka. Huko huko Kenya vijana walizoea kutafuta kazi chini ya alama ya reli iliyoandikwa IkoKaziKE: mwenye nafasi ya kazi akiweka alama hiyo, tangazo lake lawafikia wasiomjua.

Faida iko, nasi hatuikatai. Na yapasa kijana afahamu kwamba faida hiyo haiji kwa kupiga kelele "nunueni, nunueni" kutwa kucha. Huja kwa kujulikana. Mfugaji wa Dodoma akiuliza kama mashudu ya alizeti yafaa kwa ng'ombe wa maziwa, ajibiwe kwa ujuzi na kwa adabu, hata kama siku hiyo hakuna senti itakayopatikana. Mwenye lori apitaye Singida, mrina asali, fundi wa mashine za kukamua, bwana shamba: hao ndio watu wa kufahamiana nao, kwa maana siku moja mmoja wao ataulizwa, "Nani auzaye mafuta safi?"

Sasa tuje kwa hao wafuasi wa kununuliwa. Ni akina nani? Walio wengi si watu. Ni akaunti tupu zilizotengenezwa kwa mashine, na nyingine zimeundwa kwa majina na picha za watu halisi waliochukuliwa bila ya kuulizwa. Januari 2018 gazeti la New York Times liliifichua kampuni moja ya Marekani iitwayo Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi wa namna hii, na kati ya picha zilizoibwa zilikuwamo za watoto. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo iliishitaki.

Muislamu aliyesoma hata kidogo juu ya hukumu za biashara atalitambua jambo hili, ingawa limevaa nguo mpya. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza najash. Maana yake ni mtu kusimama mnadani akapandisha bei naye hana nia ya kununua, ili mnunuzi wa kweli adhani kuwa mali hiyo yagombewa. Elfu kadhaa za majina matupu yaliyopangwa chini ya jina la muuzaji yafanya kazi ile ile: humwambia mgeni kuwa watu wengi wamekwisha kuridhika, hali hakuna aliyeonja hata tone. Na wale rafiki wanaoombwa waandike "mafuta mazuri sana" wakati hawajayanunua, wamo katika jambo hilo hilo. Basi jibu letu, mama, ni kwamba hiyo si gharama ya biashara. Usimpe. Hizo shilingi 30,000 na azinunulie madumu safi na kitambaa kizuri cha kuchujia.

Lakini haitoshi kumkataza kijana bila ya kumwonyesha njia. Aliyeko Dar es Salaam hawezi kutia kidole chake ndani ya dumu lililoko Mtinko. Ana picha na maneno tu. Sote twakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina, akakuta chini imelowa. Mwenye nayo akatoa udhuru wa mvua, akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Picha ya simu ni juu ya rundo. Ile chini ya rundo muuzaji lazima aiandike.

Na kwa mali ilipwayo kabla ya kufika, sheria yetu ina mlango wake maalumu, bei ya salam. Watu wa Madina walikuwa wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili mbele, nao wakaamrishwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane, na muda ujulikane. Haya yote yaenea katika herufi 280, na nafasi ikabaki. Kwa mfano: "Mafuta ya alizeti, yamekamuliwa Mtinko wiki hii, hayakuchanganywa na mengine. Dumu la lita 20 kamili. Yana mashapo kidogo chini. Yatafika stendi ya Singida Jumamosi asubuhi. Asiyeridhika atarudishiwa fedha yake." Aongeze bei, isiyo na mafumbo ya "njoo tuzungumze". Hilo neno la mashapo ndilo litakalomshangaza mnunuzi, na ndilo litakalomrudisha. Sisi tuliozoea kuona magunia ya lumbesa, yaliyojazwa hata yakaota kichwa kingine juu, twajua jinsi kipimo cha kweli kilivyo adimu.

Fedha ikisha kuingia katika simu, mali ni deni shingoni mwa kijana hata ifike. Lori likiharibika, amwandikie mnunuzi siku ile ile.

Liko jambo moja la mwisho. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiliwa katika Tanzania, na waliokuwa wameweka wateja wao wote humo walijikuta nje ya mlango uliofungwa. Tena tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilikwisha kuwataka watumiao njia za kuzunguka vizuizi, ziitwazo VPN, wazitolee taarifa. Kijana asijitie humo kwa kufuata maneno ya barazani. Stetasi ya WhatsApp nayo ni ujumbe mfupi, ila hufutika baada ya saa 24, na huonwa na waliohifadhi namba yako tu. Kwa hiyo kila anunuaye aandikwe katika daftari: jina, mtaa, namba ya simu, alichonunua, siku aliyopokea, na alilolalamikia kama liko. Daftari hilo mama waweza kulitunza wewe mwenyewe, ndani ya sanduku, mahali pasipofika panya.